Nyenje wa Suna, Panzi wa Ruma

Nyenje mkubwa wa mashambani hatafutwi kwa macho. Mchana kutwa amejifungia shimoni, mlango ameuziba kwa udongo, na juu yake hakuna kinachoonekana ila kifusi kidogo ambacho mgeni atakikanyaga na kupita zake. Jua likishatua ndipo anapozibua, anasimama kizingitini, anainua mabawa na kuanza kulia. Mlio wenyewe ni mmoja, mrefu, mkali, hauna kituo, nao hulijaza shamba hadi ukadhani unatoka kila upande. Watu wazima huulalamikia kwa kuwanyima usingizi. Watoto wa Suna huufuata.

Nilikuwa nimepanga chumba mjini Migori, na kijana wa bodaboda aliyekuwa akinizungusha ndiye aliyenipeleka kwao, upande wa Suna Magharibi, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza kulainisha ardhi. "Omera," aliniambia, "kama shida yako ni nyenje, usiwasumbue wazee. Ngoja watoto watoke shule." Wapwa zake walikuja baada ya chakula cha jioni, wavulana wawili na dada yao, na jembe, ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, na simu ya kumulikia.

Somo la kwanza lilikuwa la kutembea. Nyenje akilia, tembea. Akinyamaza, simama hapo hapo ulipo, hata kama mguu mmoja uko juu, maana amehisi kishindo ardhini. Akianza tena, piga hatua mbili tatu. Hivyo hivyo hadi mlio ukukere masikio. Msichana ndiye aliyekuwa fundi wa kazi hii. Alikigeuza kichwa upande mmoja, kisha wa pili, akatushika mikono tusisogee, akanyoosha kidole mahali ambapo mimi niliona giza tupu. Simu ilipowashwa, mdudu alikuwa pale pale: mnene, wa kahawia, mrefu kama kidole gumba, kichwa cha mviringo kinang'aa, papasi zake ndefu zinachezacheza. Kaka mtu akalizamisha jembe nyuma yake kwa pigo moja ili kumkatia njia ya kurudi. Ukichelewa kidogo tu, inabidi uchimbe, na shimo la nyenje huyu laweza kushuka zaidi ya nusu mita.

Kwa wanasayansi huyu ni Brachytrupes membranaceus. Kwa mkulima wa tumbaku, na Migori ni nchi ya tumbaku, huyu ni mwizi wa kitalu: usiku hutoka, hukata mche mchanga shinani, akauburuta hadi shimoni akaulie humo. Mahindi na maharagwe yanayoanza kuchomoza hayasalimiki pia. Kwa hiyo watoto hawa walikuwa wakifanya kazi mbili kwa jembe moja. Waliilinda miche ya nyumbani na walileta kitoweo. Mama yao aliwachambua nyenje, akatoa mabawa, miiba ya miguu na utumbo, akawatupia kwenye karai la moto pamoja na chumvi. Mafuta hakutia, kwa sababu nyenje hujikaanga kwa mafuta yake. Paja la nyuma ni kavu na linavunjika kwa mlio. Tumbo ni laini na zito mdomoni, karibu na kiini cha yai la kuchemsha. Nilikula, nikaongezwa, nikala tena.

Kabla ndoo haijaisha nilimwomba yule msichana anishikie mmoja nimtazame kwa kioo cha kukuzia. Chini kidogo ya goti la mguu wa mbele kulikuwa na doa jeupe la mviringo, utando mwembamba uliotandazwa juu ya uwazi. Hilo ndilo sikio. Nyenje husikia kwa miguu. Panzi wa mchana, wale wenye papasi fupi, masikio yao yako ubavuni, mwanzo wa tumbo, yamefichwa na bawa. Hata vyombo vyao vya muziki havifanani. Nyenje dume husugua bawa kwa bawa: moja lina mfululizo wa meno madogo, jingine lina ukingo mgumu. Panzi wengi husugua paja la nyuma kwenye bawa. Jike wa nyenje hana wimbo. Anasikiliza, anachagua, anamfuata dume, kisha anachomeka mrija wake mrefu ardhini na kutaga. Ukoo huu wote, panzi, nzige, senene, nyenje na chenene, una aina zaidi ya 25,000 duniani, na sehemu kubwa ya maisha yao huamuliwa kwa sauti. Nilimwonyesha msichana lile doa kupitia kioo. Alilitazama kwa muda mrefu, akakikimbilia chumba cha nyanya yake na kioo mkononi.

Nyanya alitoka, akakaa upenuni nasi. Mazungumzo yakahamia kwa nzige, kama yanavyofanya huku ukimtaja panzi yeyote mbele ya mzee. Pita kijiji chochote kati ya Migori na Homa Bay, hutakosa kumkuta Obonyo au Abonyo, na kila jina la namna hiyo lilianza kwa mtoto aliyezaliwa nzige walipoingia. Mawimbi makubwa ya mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930 yeye hakuyaona; alisimuliwa na mama yake. Watu walipiga madebe na sufuria kuwazuia wasitue. Wakishatua, walingojea alfajiri, kwa sababu nzige aliyepigwa na baridi hana nguvu ya kuruka, wakawazoa kwa vikapu na kuwaanika. Njaa ililetwa na mdudu, na mdudu yule yule akaliwa ili njaa ipungue makali.

Nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mashariki mwa Kenya Desemba 2019, nchi hii ilikuwa haijaona uvamizi wa kiasi hicho kwa miaka 70. Shirika la FAO lilieleza kuwa kundi la kilomita moja ya mraba huweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Nyanya aliwaona kwenye simu ya mjukuu. Kilichomshangaza ni kusikia kwamba watu wanakatazwa kuwala, hadi alipoelezwa habari za sumu iliyonyunyizwa na ndege. "Basi wametuharibia mara mbili," alisema.

Nilimweleza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko takwimu zote hizo: nzige wa jangwani, akiwa peke yake, ni panzi mpole anayewakwepa wenzake. Mvua ikiotesha majani, wakazaliana, kisha ukame ukawasukumia kwenye vipande vichache vya kijani, wanaanza kugusanagusana. Mguso wa kurudiarudia kwenye mapaja ya nyuma, kwa saa chache tu, humgeuza tabia. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza na Australia walionyesha kwamba kemikali inayofanya kazi hiyo mwilini mwake ni serotonini, ambayo iko pia katika ubongo wa binadamu. Baadaye hata rangi hubadilika. Nyanya aliuliza kama onjiri na dede, yaani nyenje na panzi wa pale nyumbani, nao wanaweza kugeuka. Hapana, hawa hawana tabia hiyo. Alifurahi kusikia. Nzige ni wa kuja na kuondoka, alisema. Hawa wengine ni wa boma.

Kutoka Migori nilielekea kaskazini magharibi, mwendo wa kilomita 46 hivi, hadi Thimlich Ohinga. Maboma yale ya mawe yameingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2018, na yanastahili makala yake. Mimi nilikuja na swali dogo: nani anaishi ndani ya kuta hizi? Kuta zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, nyingine zimefika mita 4 na zaidi, na kila nafasi kati ya mawe ni chumba. Jioni kuta zinaanza kuimba. Si yule nyenje wa mashambani. Hawa ni wadogo, sauti zao ni za kukatakata, na kila mmoja ana pembe yake. Mvua ilikuwa imenyesha alasiri, baridi imeingia kwenye mawe, na nyimbo zilikuwa zinasuasua. Nyenje hana joto lake mwenyewe, hivyo kasi ya wimbo hupanda na kushuka na hewa. Mwanafizikia mmoja wa Marekani, Amos Dolbear, aliandika mwaka 1897 kanuni ya kukadiria joto kwa kuhesabu milio hiyo. Mlinzi aliyekuwa akinitembeza hakuwa amesikia habari za Dolbear, lakini aliniambia mambo mawili ambayo yeyote anayelala nje huyajua: usiku wa baridi nyenje huvuta maneno, na wakinyamaza wote ghafla upande mmoja wa ukuta, kuna mtu au mnyama amepita huko.

Wasuna wenyewe ni watu wa asili ya Kibantu ambao leo wengi wao husema Dholuo, na historia ya kuhamia, kukaribishwa na kuchanganyika imejaa kwenye maboma haya. Waliokaa humo kwa zamu, karne baada ya karne, lazima waliutumia mlio huu kama walivyomtumia mbwa. Hilo ni wazo langu, sijalikuta kwenye kitabu, ila nilipokuwa nimesimama pale ndani ya ukuta sikuona namna nyingine.

Kutoka Thimlich nilikwenda Ruma, na Ruma ni ya mchana. Hifadhi hii ya Bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120, inajulikana kwa sababu ya korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki huku tu. Wageni huingia wakiwa na orodha: korongo, twiga, kifaru, wakibahatika mbayuwayu wa bluu anayekuja msimu. Hakuna niliyemsikia akimuulizia panzi. Nami nasema kwa uchungu, kwa sababu ukishuka kwenye gari mahali panaporuhusiwa, ukaingiza mguu kwenye nyasi ndefu, nyasi yote inaruka. Panzi wa kijani wenye vichwa vilivyochongoka, ambao wakitulia kwenye bua huwaoni tena. Wa kahawia wanaofungua bawa jekundu wakiruka, halafu wakitua ule wekundu unazimika na jicho lako linabaki likitafuta rangi ambayo haipo. Na mmoja mzito, mwenye rangi za kung'aa, asiyejisumbua kukimbia. Huyo askari wa hifadhi alinikataza nisimshike. Utotoni, alisema, walifundishwa kwamba panzi asiyekukimbia usimpeleke nyumbani. Ni kanuni sahihi kabisa: panzi wa rangi za onyo wengi hula mimea yenye sumu na kuihifadhi mwilini, na ukiwabana hutoa povu lenye harufu mbaya. Nyasi zinazoliwa na panzi hurudi ardhini kama mbolea, na panzi mwenyewe huwalisha ndege, mijusi, na vinyonga. Hifadhi ingepaswa kumweka kwenye bango lake la langoni.

Mbita nilifika mchana wa jua kali, ziwa likiwa jeupe. Hapa kuna kampasi ya icipe, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, iliyopewa jina la Thomas Odhiambo. Wakulima wa eneo hili wanaijua zaidi kwa kilimo cha sukuma-vuta, kile cha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na matete pembezoni ili kuwafukuza viwavi wa mabua na kuua gugu la kayongo. Ila mimi nilikuwa nikimfikiria Odhiambo mwenyewe. Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, miaka ile ile ya nzige. Alisoma Makerere, akaenda Cambridge, akarudi, akaanzisha icipe mwaka 1970 akiamini kwamba mdudu wa Afrika achunguzwe Afrika na Waafrika. Na mdudu aliyeandika juu yake kurasa nyingi, akichambua tezi za uzazi za dume hadi chembe moja moja, alikuwa nzige wa jangwani. Alifariki mwaka 2003. Mwaka 2018 ilitangazwa aina mpya ya nyenje kutoka Kenya, ikaitwa Scapsipedus icipe.

Hadithi ya nyenje huyo ndiyo iliyonileta huku. Wakulima wa nchi hii walikuwa tayari wanamfuga. Alikuwa kwenye ndoo na makreti, anauzwa, analiwa, na katika sayansi hakuwa na jina. Alidhaniwa kuwa mwingine. Walioliweka wazi jambo hilo ni kundi la watafiti wa icipe na wenzao, akiwemo Profesa Monica Ayieko wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, ng'ambo ya ghuba, mwanamke ambaye ameutetea ulaji wa wadudu wa kanda ya ziwa tangu wakati ambapo wengi waliuona aibu. Dume akiwa hai ana utepe wa manjano kati ya macho. Pamoja na huo, na pamoja na vipimo vya vinasaba, walimtambua kwa wimbo wake. Walirekodi mlio wa kuita na mlio wa kubembeleza jike, wakaupima, wakaona si wa ndugu zake. Niliposoma habari hiyo nilimwona yule msichana wa Suna Magharibi akigeuza kichwa gizani. Vifaa ni tofauti. Kazi ni ile ile, na yeye anaifanya bila mtu kumlipa wala kumwandika jina. Natamani siku moja mtafiti mwenye kinasa sauti apite kwao kabla hajaenda maabara.

Nje kidogo ya Mbita, njia ya kwenda Sindo, nilipelekwa kwa mama mmoja anayefuga. Banda lake ni chumba cha mabati chenye madirisha ya wavu. Ndani kuna meza, na kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari, kwa sababu ya sisimizi. "Sisimizi wakiingia usiku, asubuhi huna kitu," alisema. Makreti yamejaa trei za mayai zilizosimamishwa wima. Nyenje wanapenda giza la zile kona. Wanakula chakula cha vifaranga, majani ya viazi vitamu na sukuma wiki iliyooshwa vizuri, maana sukuma ya sokoni yenye dawa imewahi kumuulia kreti zima. Maji hawapewi kwenye sahani, watazama. Wanapewa pamba iliyoloweshwa, na pamba hiyo hiyo majike huitagia. Alifunua moja nikaona mayai membamba, meupe yenye umanjano, yamechomekwa kwa mamia. Huanguliwa baada ya wiki moja na nusu au mbili, na wakishakua huvunwa miezi miwili ikikaribia au kupita kidogo, kutegemea joto.

Kwenye trei moja mmoja alikuwa anajivua. Alining'inia kichwa chini, mgongo umepasuka kwa mstari ulionyooka, na kutoka humo alikuwa akijivuta mdudu mweupe pepe, laini, macho tu ndiyo meusi. Alitoa papasi mwisho, moja, kisha ya pili, akizivuta polepole kutoka kwenye ganda lake la zamani. Mama alisimama kando na kuwazuia wengine kwa kijiti, kwa sababu nyenje aliyejivua hana ngozi ya kujikinga, na wenzake wakiwa na njaa humla. Ndiyo maana, alisema, ukiwapunja chakula hupati hasara ya chakula, unapata hasara ya nyenje.

Huwachemsha, huwaanika juani, huwapeleka kwenye mashine ya kusaga, kisha huuza unga kwa kina mama wa uji wa watoto. Nyenje mkavu ana protini inayozidi nusu ya uzito wake. Shirika la Viwango la Kenya lilitoa viwango vya bidhaa za wadudu mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya ukamruhusu nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, sokoni kwake mwaka 2022. Yeye hawafugi hao wa nyumbani. Ana wale wenye utepe wa manjano, na nadhani amechagua vyema, kwa sababu Acheta wana ugonjwa wa virusi uliowahi kufagia mashamba makubwa ya Marekani na hauna dawa.

Mama huyu ni Msabato. Kanisa hilo lina mizizi hapa tangu 1906, Arthur Carscallen alipofungua misheni Gendia karibu na Kendu Bay, na ndiyo sababu utakuta nyumba nyingi za ufukweni ambazo kamongo na mumi hawaingii jikoni: hawahesabiwi kuwa na magamba yanayotakiwa na Mambo ya Walawi. Nilimuuliza kuhusu nyenje. Aliifuta mikono kwenye leso, akaleta Biblia, akafungua sura ya 11 bila kutafuta. Pale wametajwa nzige, parare, senene na panzi. Nyenje hakutajwa. Jirani yake, anayesali naye kanisa moja, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, akasema hilo ndilo alilokuwa akilisema siku zote.

"Dada, panda mstari mmoja juu," mama alimjibu. Mstari wa juu hautaji majina. Unataja wenye miguu ya kurukia. Akaingiza mkono kwenye kreti, akamtoa nyenje mmoja, akamshika kwa mabawa juu ya ukurasa ili jirani aone mapaja ya nyuma yalivyokunjwa. Jirani alitazama, akauliza huyo anaruka kweli au anakimbia. Mama akamwachia mezani. Nyenje akaruka, akatua kwenye beseni la mboga, na wote wawili wakainama kumtafuta kati ya majani ya mchicha.

Hawakukubaliana siku hiyo. Jirani alisema atamuuliza mzee wa kanisa. Mama alisema amuulize, na amwambie pia kwamba mvua hizi zinamharibia uanikaji, unga unashika ukungu, na kikundi chao cha wafugaji kinachanga pesa za kikaushio kinachotumia jua. Kanisa likitaka kuchangia, namba ya kikundi anayo. Kisha alinipimia nusu kilo ya unga, akanieleza kiasi cha kutia kwenye uji wa wimbi, kijiko kimoja kwa kila vinne vya unga wa kawaida, na akanionya nisiuweke mwanzoni pamoja na maji baridi, nikoroge uji kwanza hadi uchemke.